Tathmini ya huduma ya kupogoa miti katika eneo la wazi Upanga

Anayetaka kukodi mafundi wa kupogoa miti jijini Dar es Salaam aulize kwanza watalipwa kwa njia gani. Wengi wanaozunguka mitaani na msumeno wa mnyororo hukubali bei ndogo kwa sharti kwamba kuni na magogo yawe yao, na kwa hiyo tawi nono lenye afya, ambalo ndilo linaloulisha mti, huwavutia kuliko tawi kavu linalowatishia wapita njia. Kikundi ninachokitathmini hapa kilikodiwa na kamati yetu ya wakazi na wafanyabiashara, kwa kibali cha halmashauri, ili kushughulikia miti ya eneo dogo la wazi lililopo Upanga. Bei yake ilipangwa kwa kila mti baada ya ukaguzi, na kuni zilibaki mikononi mwa kamati. Nakipendekeza kikundi hiki, ingawa zipo kasoro nitakazozitaja.

Ukaguzi ulichukua muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Mkuu wao alizunguka kila mti akianzia chini, akatafuta uyoga kwenye mizizi, nyufa mahali matawi makubwa yanapoachana, na mashimo yaliyofichwa na chokaa ambayo watu wamezoea kupaka mashina ili eneo lionekane safi. Aligonga mashina kwa nyundo ya mbao na kusikiliza mlio, kwa kuwa shina lililooza ndani hutoa sauti ya utupu. Misumari ya mabango ya madalali na waganga ilihesabiwa na kung'olewa palepale ilipowezekana bila kuchimba gome.

Mabishano yalitokea kuhusu vilele. Wenye maduka kadhaa walitaka miarobaini ikatwe juu kabisa ili mabango yao yaonekane kutoka barabarani, na fundi mkuu alikataa kwa adabu lakini bila kuyumba. Alieleza kuwa mti uliokatwa kilele hupoteza majani yanayoulisha, na ili kujiokoa huchomoza kwa pupa machipukizi mengi yaliyoshikilia tabaka za nje tu za kuni, yaani mbao ya shina lenyewe, tofauti na tawi la asili ambalo kitako chake kimefungamana na shina tangu likiwa changa. Machipukizi hayo hurefuka haraka, hunenepa, na baada ya miaka michache huanza kubanduka wakati wa upepo mkali wa masika, hivyo mti uliokatwa kwa ajili ya usalama huwa wa hatari zaidi kuliko mwanzo. Badala yake waliondoa matawi ya chini yaliyoinamia barabara, na mabango sasa yanaonekana chini ya kivuli. Hakuna mti uliopunguziwa zaidi ya robo ya majani yake, kiwango ambacho wataalamu wengi wa miti hushauri kisivukwe kwa mwaka mmoja.

Ubora wa huduma hii unaonekana zaidi kwenye vidonda vyenyewe. Tawi zito halikukatwa kwa mkato mmoja hata mara moja. Kwanza walikata kidogo kutoka chini, mbali kiasi na shina, kisha wakakata kutoka juu mbele kidogo ya mkato huo ili uzito uanguke bila kuchana gome la shina, na mwisho wakaondoa kipande kilichobaki kwa mkato wa tatu uliopita nje tu ya uvimbe unaozunguka kitako cha tawi. Uvimbe huo ndio kinga ya mti. Katika miaka ya 1970, Alex Shigo, mtafiti wa miti katika Shirika la Misitu la Marekani, alionyesha kwa kupasua miti mingi sana kwamba mti haurudishi kuni iliyoumia. Huizungushia ukuta wa kuzuia uozo, kisha hukuza kuni mpya juu yake. Anayekata sambamba na shina hubomoa ukuta huo, na anayeacha kisiki kirefu cha tawi huacha mlango wa kuvu na mchwa. Niliikagua mikato mingi niliyoweza kuifikia kwa macho, na karibu yote ilikuwa mahali pake. Walipoulizwa kwa nini hawapaki rangi au lami kwenye vidonda, walijibu kwamba rangi haizuii uozo na mara nyingine huhifadhi unyevu ndani, jambo ambalo utafiti huohuo uliliunga mkono.

Kila aina ya mti ilitendewa kwa namna yake, na hili si la kawaida katika jiji letu. Mkungu hutandaza matawi yake kwa ngazi, na ukikatwa kilele umbo hilo halirudi tena. Waliondoa matawi makavu na yaliyokwaruzana tu. Mwarobaini huvumilia kupogolewa na huchipua upesi, kwa hiyo huko walithubutu zaidi. Mkrismasi, mti uliotoka Madagaska, una kuni nyepesi inayovunjika kirahisi, na kwa kuwa watu wa eneo hili husubiri maua yake mekundu ya mwisho wa mwaka, waliondoa tawi moja tu lililopasuka na kutuomba kazi iliyobaki isubiri hadi maua yapukutike. Nilikubaliana nao kwa moyo wote.

Kuhusu usalama sina malalamiko. Walipanda kwa kamba na mikanda bila kuvaa viatu vya miiba, ambavyo huutoboa mti kila hatua na vinafaa tu kwa mti unaokwenda kuangushwa. Eneo la chini lilizungushiwa utepe, mama lishe na madereva wa bajaji wakaombwa mapema kuhama kwa muda, na matawi yaliyokaribia nyaya hayakuguswa mpaka umeme ulipozimwa.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote halikuhusu msumeno. Mizizi mingi ya mti hukaa katika tabaka la juu la udongo, ndani ya mita moja hivi, na huenea mbali kupita kivuli cha matawi. Nasi tumezoea kuisakafia kwa saruji hadi kwenye shina, kisha tunashangaa mti unapoinua vitofali au kukauka upande mmoja. Kikundi kilishauri saruji ibomolewe kuzunguka kila shina, kikalegeza udongo kwa uma wa bustani bila kukata mizizi, na kikatandaza vipande vya matawi yaliyosagwa kwa unene usiozidi sentimita 10, vikiwa mbali na gome ili lisioze. Waliongea pia na mama lishe kuhusu maji ya moto, mafuta yaliyokwisha kukaangia na majivu yenye makaa, ambavyo vilikuwa vikimwagwa kwenye vitako vya miti kila jioni, na kuwaonyesha sehemu ya gome iliyokwisha kufa kwa sababu hiyo. Aliyekwisha kuiona sehemu hiyo hahitaji kukatazwa mara ya pili. Mahali mtaro ulipopangwa kuchimbwa karibu na mkungu mmoja, walitusihi usogezwe, kwa sababu mti uliokatwa mizizi mikubwa upande mmoja huweza kuanguka mzima ukiwa na majani ya kijani.

Kasoro zipo. Marundo ya matawi yaliachwa kando ya mtaro kwa muda mrefu kuliko ilivyokubaliwa, mvua ikanyesha, na majani yakaziba njia ya maji. Sisi ndio tuliolazimika kuzibua. Maelezo mazuri niliyoyasimulia hapo juu yalitolewa kwa mdomo tu, wala hatukupata ripoti ya maandishi yenye hali ya kila mti, ingawa kamati hubadilika na kumbukumbu hupotea. Ziara ya kurudi kuondoa machipukizi yaliyoota baada ya kupogoa ilicheleweshwa mpaka tulipokumbusha. Bei nayo iko juu, kiasi kwamba mtaa usio na wafanyabiashara wa kuchangia utapata shida kuimudu, na ningependa wafikirie malipo ya awamu.

Kwa kamati inayofikiria kuwaita, wakati mzuri ni miezi ya ukavu, kabla ya vuli au kabla ya masika, wakati gome halitelezi na kuvu haijapata unyevu wa kuenea. Dai ripoti ya maandishi ndani ya mkataba, pamoja na tarehe ya kuondoa matawi yaliyokatwa. Omba pia uonyeshwe miti waliyoipogoa miaka miwili au zaidi iliyopita, na uangalie kama kuni mpya imeanza kufunga kidonda kwa duara pande zote.