Uzoefu wangu na wakala wa safari za Pemba: popo hawapigiwi makofi

Nimengoja hasira ipoe kabla ya kuandika, lakini haijapoa. Wakala ninayemzungumzia ana ofisi yake Unguja, na ndiye aliyetupangia mimi na mdogo wangu safari ya kwenda Pemba kutazama popo na ndege, mwishoni mwa kipupwe, kabla mvua za vuli hazijaanza. Boti ilikuwa nzuri, nyumba ya wageni pale Chake Chake ilikuwa safi, na kwa upande wa chakula sina neno. Hayo nayapita haraka kwa sababu hatukuvuka bahari kufuata shuka safi.

Tulifuata viumbe wasiopatikana popote pengine duniani. Unguja iliwahi kuungana na bara zama zile bahari ilipokuwa imeshuka, lakini Pemba imetengwa na mkondo wenye kina cha mamia ya mita tangu zamani sana, na katika upweke huo ikazaa popo wake mkubwa, bundi wake mdogo, na ndege wake wengine, ninga na chozi. Mtu anayepanga safari ya Pemba kwa ajili ya wanyama hana budi kujua saa za kila mmoja wao: popo hutazamwa jioni wanapotoka kwenda kula, naye bundi husikika usiku. Nilimweleza wakala hayo kwa simu, kisha nikamwandikia. Akanijibu, "Hilo dogo, dada yangu, niachie mimi."

Ratiba ilipofika nilianza kupata wasiwasi, kwa kuwa ukurasa wa mbele ulikuwa na picha kubwa ya kima punju. Kwao kima punju ni Unguja, na Pemba wapo wachache tu, uzao wa kundi dogo lililohamishiwa msitu wa Ngezi miaka ya 1970. Ilionekana wazi kwamba ratiba ile ilikuwa ya Jozani, msitu wa Unguja wenye kima hao, iliyobadilishwa majina. Hata hivyo Kidike, kijiji cha Pemba wanakolala popo, ilikuwamo, na matembezi ya usiku Ngezi yalikuwamo na bei yake, basi tukalipa.

Tulifikishwa Kidike mchana, jua likiwa la utosi, kwa sababu dereva aliyetumwa na wakala alikuwa na wageni wengine wa kuwapokea uwanja wa ndege jioni ile. Nilikasirika, lakini nilipotazama juu nilisahau. Miti ilikuwa imejaa popo kuanzia matawi ya chini hadi kileleni, manyoya yao yakiwa na rangi ya kutu inayong'aa na mabawa meusi tititi. Mmoja alikuwa karibu kiasi cha kuyaona macho yake. Alijikunyata na bawa moja, na kwa lile la pili akawa anajipepea polepole, anapumzika kidogo, kisha anajipepea tena, kwa kuwa joto lilikuwa kali hata kwake. Mdogo wangu hakuwa amenyanyua simu bado. Tulikuwa tumesimama kimya tu.

Ndipo dereva alipopiga makofi. Alipiga makofi kwa nguvu, akapiga ukelele, na walipochelewa kuruka akaupiga mti teke. Kundi zima liliinuka kwa mara moja katika jua lile, likazunguka juu yetu likilia, na dereva akatugeukia akicheka na kusema, "Haya, pigeni picha, fasta!" Nilimwambia aache. Akanijibu kwamba nimelipa kuwaona na sasa ananionyesha, nalalamika nini.

Mzee mmoja wa kijiji alikuja mbio. Hakumfokea dereva, na labda angemfokea ningejisikia nafuu. Alisema, "Waacheni, wanangu. Wamelala hao. Jioni watatoka wenyewe." Kisha akasimama akiwatazama hadi wa mwisho aliporudi kujitundika.

Nilimpigia wakala palepale. Nilitarajia aone haya, lakini aliniambia, "Popo ni popo, dada. Wageni wote wanataka picha wakiruka, na Wazungu hawajawahi kulalamika." Maneno hayo bado yananichoma. Popo hao nusura watoweke kabisa miaka ya 1980, wakiwindwa kwa ajili ya nyama huku miti mikubwa waliyolalia ikikatwa. Walirudi kwa sababu Wapemba wenyewe walikubali kuwalinda, wakaunda vikundi vya Walinzi wa Popo, na watu waliokuwa wakila nyama yao wakaacha. Popo hao ndio wanaochavua maua na kusambaza mbegu za miti ya kisiwa kile. Mnyama anayefurushwa usingizini mchana hupoteza nguvu alizozitafuta usiku kucha, na jike mwenye mtoto kifuani anaweza kumwangusha. Kazi ya miaka mingi ya wanakijiji inachezewa na mtu mwenye haraka ya kwenda uwanja wa ndege, naye mwajiri wake anaona ndiyo huduma.

Tulimwachia dereva gari lake na kubaki pale hadi magharibi, tukijua tutarudi mjini kwa bodaboda. Popo walitoka mmoja mmoja kwanza, halafu makundi kwa makundi, bila sauti ya mtu yeyote, wakielekea kwenye mashelisheli na miembe. Sijaona kitu kama kile. Kwa jioni ile peke yake ningewashauri watu wote waende Pemba kesho.

Na Ngezi ilinichanganya zaidi, kwa maana ilikuwa bora kuliko nilivyotumaini. Ni kipande kilichobaki cha msitu uliofyekwa kupisha mikarafuu, na ndani yake umo mpapindi, aina ya mnazi-pori ambao jamaa zake karibu wote wako Madagaska. Mwongoza wageni wa msitu alituzimisha tochi, tukasimama gizani hadi tukasikia "hu" moja fupi, kimya, kisha "hu" nyingine kutoka upande wa pili. Baadaye alimpata kwa mwanga hafifu: bundi wa rangi ya hudhurungi asiyezidi kiganja kwa sana, ametulia kwenye tawi. Mwongozaji hakumwangazia muda mrefu. Alizima, akasema inatosha, tumwache awinde. Wakati ule nilikuwa tayari kumsamehe wakala. Nilijiambia kwamba yeye ndiye aliyetuleta huku, na kwamba kosa la dereva mmoja lisifunike yote.

Tulipokuwa tunaagana, mwongozaji aliuliza kwa adabu kama tungelipia sasa au asubuhi. Hakuna aliyempa taarifa kwamba tunakuja usiku, wala hakuna fedha yoyote iliyofika, ingawa kwenye ratiba yetu matembezi yale yalikuwa yamelipiwa kwa maandishi. Alikuwa ametoka nyumbani kwake usiku kwa wema wake tu. Tulimlipa, na msamaha wangu ukaishia hapo.

Kwa hiyo Pemba nendeni, tena msichelewe, lakini mpigieni simu mtu wa Ngezi moja kwa moja, mkodi gari kwa siku nzima, na dereva ajue tangu asubuhi kwamba jioni ni ya Kidike. Kwa wakala huyu simpeleki mtu. Nilimwandikia nikidai mambo mawili: arudishe fedha ya Ngezi, na awakataze madereva wake kuwagusa popo. Fedha amerudisha nusu. Juu ya popo hajanijibu hadi leo, na hilo ndilo ninalolitaka zaidi.