TAHADHARI kwa wazazi: muuzaji wa probayotiki za watoto anayebandika lebo juu ya lebo

Wazazi wenzangu naombeni msome hii, hasa kama una mtoto mwenye aleji au mtoto wa kuumwaumwa na umeshaanza kuzunguka mitandaoni usiku kutafuta kitu cha kumwongezea kinga. Nimepigwa, na hela ndo kitu kidogo kabisa hapa, kinachoniuma ni kwamba nilimnywesha mwanangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Iko hivi. Mwanangu ana miaka 3 na ana aleji ya maziwa ya ng'ombe tangu mchanga. Aliumwa sikio akapewa antibayotiki, sikio likapoa ila tumbo likavurugika, siku ya tatu anaharisha, hataki kula vizuri, kanyong'onyea tu. Nilishasikia probayotiki (ule unga wenye bakteria hai wa kusaidia tumbo) zinasaidia tumbo lililovurugwa na antibayotiki, nikaingia mtandaoni nikakuta akaunti imejaa picha za watoto wanacheka, muuzaji kavaa koti jeupe anajiita dokta, wafuasi kibao, komenti zote za kusifia. Baadaye ndo nikagundua komenti yenye swali inafutwa.

Nikamfuata inboksi. Swali langu la kwanza kabisa lilikuwa moja tu, hii dawa ina maziwa? Skrinishoti ninayo mpaka leo, kajibu "haina maziwa kabisa mpenzi, ni asilia asilimia mia". Nikauliza ni bakteria gani waliomo, akasema "bakteria wazuri mamii, wa kujenga kinga". Nikarudia, wanaitwaje? Akanitumia vimoyo na ofa ya chupa 2 kwa bei ya moja, mwisho saa sita usiku. Mtoto analia, mimi sijalala siku 2, nikalipa.

Chupa ikaja ikiwa ya moto kabisa, inaonekana ilikaa juani. Nafungua, ile karatasi inayoziba mdomo wa chupa haipo, na unga umegandamana umekuwa kama chaki. Nikaupiga picha nikamtumia muuzaji, akasema kawaida hiyo, koroga kwenye maji ya moto utayeyuka. Nikafanya hivyo hivyo.

Haikufika nusu saa mabaka mekundu yakaanza shingoni yakashuka kifuani, mdomo wa juu ukavimba, akaanza kukohoa kikohozi cha kujikaba. Tukakimbia hospitali. Namshukuru Mungu walimwahi, sasa hivi mzima anacheza, ila ile safari ya kwenda sitaisahau.

Daktari akaomba chupa. Akaigeuza kwenye mwanga, akaona kona ya lebo imenyanyuka kidogo, akaichubua kwa ukucha taratibu. Chini kulikuwa na lebo nyingine!! Ile ya kweli. Kwenye maandishi madogo kabisa imeandikwa ina maziwa, na tarehe ya kuisha muda ilishapita miezi 7, wakati ile ya juu ilikuwa inaonyesha bado miaka 2. Nilikaa chini pale pale. Yani mtu alikaa mezani akabandika karatasi kuficha neno maziwa, halafu mimi namuuliza neno hilo hilo ananiambia halipo.

Daktari alinielewesha mambo ambayo ningeyajua mapema nisingefika pale. Kwanza probayotiki ni viumbe hai, bakteria au hamira, na kazi yao inategemea wafike tumboni wakiwa hai. Muda ukipita wanazidi kufa, joto linawaua, unyevu unawaharibu (ndo maana unga ulioganda ni dalili mbaya), na ukiwakoroga kwenye maji ya moto umewapika. Kwenye lebo huwa kuna herufi CFU na namba ya mabilioni, hiyo ndo hesabu ya walio hai, ila soma vizuri, kampuni zingine zinahesabu siku ya kutengenezwa na zingine zinahakikisha mpaka siku ya mwisho ya matumizi. Hii ya pili ndo unayoitaka. Mabilioni 50 ya siku ya kutengenezwa kwenye chupa iliyozunguka juani hayana maana yoyote.

Pili, na hapa ndo muuzaji wangu alipojificha, hakuna kitu kinaitwa "bakteria wazuri" halafu basi. Kila aina ina kazi yake na lazima lebo itaje jina lote mpaka ule mkia wa mwisho wa herufi au namba. Mfano Lactobacillus rhamnosus GG (siku hizi jina lake rasmi ni Lacticaseibacillus rhamnosus GG), ule mkia wa GG ndo unaoonyesha ni yule aliyefanyiwa utafiti na sio ndugu yake. Kwa tumbo la antibayotiki, huyo na Saccharomyces boulardii ndo wenye ushahidi mzuri zaidi kwa watoto, kiwango kilichopimwa ni bilioni 5 mpaka 40 kwa siku. Boulardii ni hamira kwa hiyo antibayotiki haimuui. Wale bakteria inabidi wapishane na antibayotiki kwa masaa kadhaa. Ukimuuliza muuzaji jina na mkia wake akakujibu kwa vimoyo, ondoka hapo hapo.

Na msidhani hata zile halali zinatibu kila kuharisha. Kuna utafiti mkubwa Marekani ulitoka 2018, watoto 971 wa kuanzia miezi 3 mpaka miaka 4 waliofika hospitali na kuharisha kwa ghafla, wengine wakapewa hiyo GG siku 5 na wengine unga wa kufanana nayo usio na dawa ndani, wakapona sawasawa. Kinachookoa mtoto anayeharisha ni ORS na zinki, WHO na UNICEF wamesema hivyo tangu 2004, mwongozo wao wa wakati huo ulitaja zinki siku 10 mpaka 14, miligramu 20 kwa siku na 10 kwa aliye chini ya miezi 6. Muuzaji wangu aliniambia niache ORS kwa sababu "ni chumvi tu". Hapo nilipaswa kuamka, mtu anayekuambia uache ulichopewa hospitali uchukue cha kwake hafai hata kusikilizwa.

Kuhusu kinga ya mwili nataka niseme kitu kwa wale wenye watoto wa chekechea. Mtoto mdogo mwenye afya kabisa anaweza kupata mafua mara 6 mpaka 8 kwa mwaka na mengi yanaisha yenyewe ndani ya wiki 1 au 2. Sasa muuzaji anakuuzia chupa mtoto akiwa kwenye kilele cha mafua, wiki ijayo kapoa, wewe unaandika ushuhuda kwa moyo safi kabisa na mwenzako anaunasa. Zile komenti za kusifia nyingi sio za uongo, ni za wazazi kama sisi, ndo maana zinashawishi.

Muuzaji wangu alikuwa anaandika pia "salama kwa umri wowote hata kichanga wa jana". Jamani hii inaweza kuua. Oktoba 2023 FDA, yani mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo kwamba watoto njiti waliopewa probayotiki wamepata maambukizi ya damu kutokana na wale wale bakteria na mmoja alifariki mwaka huo. Njiti, mtoto mwenye kinga dhaifu, mtoto mwenye mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu, hawa usiwape kabisa bila daktari wao. Na wenye aleji kama wangu, bakteria wengi wanakuzwa kwenye vitu vyenye maziwa na mabaki yanaweza kubaki, kwa hiyo hata chupa halali uliza mfamasia.

Vile vya kutafuna vinavyofanana na pipi, muuzaji kaweka navyo kwenye ofa, vina vitamini A, D na madini ya chuma. Ficheni juu kabisa, chuma kikizidi ni sumu kwa mtoto, na yeye anajua ni pipi tu.

Nilipomrudia muuzaji na picha ya lebo 2 alisoma, akakaa kimya, dakika chache akaniblok. Kesho yake akaunti imebadilisha jina ila picha ni zile zile, kwa hiyo jina halitawasaidia, angalieni hivi: lebo imekaa upande kidogo, kona ina mkunjo au gundi, namba ya bechi kwenye lebo haifanani na iliyopigwa chini ya chupa, karatasi ya mdomoni haipo. Pitisha ukucha kwenye kona kabla hujafungua.

Chupa yangu sijaitupa, nimeifunga kwenye mfuko pamoja na risiti ya malipo na zile skrinishoti nikaipeleka mamlaka ya dawa, wameipokea na kunipa namba ya malalamiko. Kama na wewe ulinunua kwa mtu wa koti jeupe na ofa ya saa sita usiku, usimpe mtoto tena na usiitupe, ipeleke kama ilivyo, wameniambia chupa zikiwa nyingi ndo wanapata pa kuanzia.