Kompyuta Mpakato ya Mwanafunzi Anayecheza Gemu: Uliza Betri Kabla ya Kadi

Mdogo wangu alipopata nafasi ya kusoma chuo kikuu hapa Dar es Salaam, familia ilichanga shilingi milioni 2 na laki 3, na jukumu la kwenda dukani likaangukia kwangu, kwa sababu nyumbani kwetu mtu akishajua kuunganisha printa basi huyo ndiye mtaalamu. Sharti la kijana lilikuwa kwamba mashine iweze kucheza gemu za mpira na GTA V bila kukwama. Sharti la mama lilikuwa kwamba idumu na chaji darasani, maana alikwisha kusikia kuwa kwenye kumbi za mihadhara soketi ni chache na huwahiwa na wanaofika mapema. Muuzaji alinisikiliza kwa upole, akanishushia mashine kutoka rafu ya juu, akaniambia, "Dada, hii prosesa ni kali, kadi ni ya gemu, na chaji inakaa siku nzima." Nililipa nikaondoka nimeridhika.

Jumatatu ya kwanza ya masomo kijana aliingia darasani saa mbili asubuhi, betri ikiwa asilimia 100. Saa nne na nusu skrini ilizimika katikati ya mhadhara. Hakuwa amefungua gemu hata moja. Alichokuwa nacho ni maandishi yake na kivinjari chenye kurasa chache.

Jioni tulimpelekea fundi. Alipong'oa skrubu na kuinua kifuniko cha chini, nilidhani kuna kitu kimeungua. Hapakuwa na kilichoungua. Betri ilikuwa imelala upande mmoja, nyembamba kama rula, na pembeni yake palikuwa na nafasi tupu kabisa, ambayo ingetosha betri karibu mara mbili ya ile. Fundi akaniuliza, "Dada, uliuliza hii ina betri ipi?" Sikujua kwamba ni swali linaloulizwa, na tangu siku ile sijaacha kuliuliza.

Wasomaji wengi mnajua kuangalia RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine), ukubwa wa SSD (hifadhi ya mafaili) na jina la kadi ya grafiki (sehemu inayochora picha za gemu), kwa hiyo sitawachosha na hayo. Chukua RAM ya GB 16, na kama ni GB 8, hakikisha kuna mahali pa kuongeza. Kasoro isiyotazamwa ni hii: mashine mbili zenye jina lile lile, rangi ile ile, prosesa ile ile na bei ile ile zinaweza kuwa na betri mbili tofauti kabisa. Ukubwa wa betri hupimwa kwa wati-saa, zile herufi Wh zinazoandikwa kwenye betri yenyewe. ASUS TUF A15 ya mwaka 2020 ilitoka ikiwa na wati-saa 48 au wati-saa 90. Dell G15 imetoka ikiwa na 56 au 86. HP Victus 15 huja na 52.5 au 70. Lenovo Legion 5 ya mwaka 2020 ilikuwa na 60 au 80. Karatasi inayobandikwa kwenye mashine dukani hutaja kila kitu isipokuwa namba hiyo, na katika maduka yote niliyoingia tangu hapo sijakutana na hata moja iliyoiandika.

Hesabu yake si ngumu. Mashine ya namna hii, ukiwa unaandika na kusoma huku mwanga wa skrini ukiwa wa kadiri, inaweza kutumia takriban wati 10. Gawanya 90 kwa 10 upate saa tisa. Gawanya 48 kwa 10 upate saa zisizofika tano. Lakini yetu haikufika hata saa tatu, na hapo ndipo nilipojifunza jambo la pili. Mashine hizi huwa na grafiki mbili: moja ndogo iliyo ndani ya prosesa, na kadi kubwa ya gemu. Ukiwa darasani, kadi kubwa inapaswa kulala kabisa na kuiachia ndogo kazi. Programu moja ikiigusa, tuseme kivinjari au ile programu ya mataa ya kibodi, huamka na kuanza kunywa umeme bila kukuambia. Kwenye mashine ya kijana ilikuwa macho muda wote. Fundi alibadilisha mpangilio wa grafiki kwenye Windows, akashusha kasi ya skrini kubadilisha picha kutoka mara 144 kwa sekunde hadi 60, na kuanzia siku ile chaji ikawa inadumu kwa muda wa saa nne na nusu. Mipangilio haiwezi kukuza betri, kwa hiyo hapo ndipo ilipofika mwisho.

Kabla sijaenda kwenye chaguo zenyewe, niondoe ndoto moja ambayo wauzaji wanaipenda mno. Hakuna mashine ya kawaida itakayocheza gemu nzito kwa betri muda wa mhadhara mzima. Kadi ya RTX 4060 ya kompyuta mpakato hupangwa na mtengenezaji kutumia kati ya wati 35 na 115, na hiyo ni kadi tu, hujahesabu prosesa wala skrini. Ukiilisha inavyotaka, hata wati-saa 90 zitaisha ndani ya saa moja, na ndiyo maana mashine nyingi zikichomolewa hupunguza nguvu zenyewe na gemu ikaanza kuburuta. Makampuni nayo hayavuki wati-saa 100 kwa sababu hicho ndicho kikomo cha kuingia nacho kwenye ndege bila kuomba ruhusa ya shirika. Kwa hiyo chaji ni ya darasani, gemu ni ya ukutani, na mashine nzuri kwa mwanafunzi ni ile inayojua kuhama kutoka hali moja kwenda nyingine.

Nafasi ya kwanza naipa ASUS TUF A15 yenye wati-saa 90, hasa toleo la mwaka 2022 na kuendelea, na siombi radhi kwa kuipendelea. Ina uzito wa kilo 2.2 hivi, haina urembo mwingi, na prosesa zake za AMD Ryzen ni tulivu kwa umeme unapokuwa unaandika tu. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba kuanzia toleo hilo inakubali chaji ya USB-C ya hadi wati 100, yaani ile chaja kubwa nzito kama tofali inabaki bwenini kwa ajili ya gemu, na darasani unabeba chaja ndogo inayochaji na simu yako. Programu yake ya MyASUS pia inakuruhusu kuizuia betri isivuke asilimia 80 au hata 60. Hilo lina maana kubwa kwa mtu anayecheza kila usiku akiwa amechomeka ukutani, kwa sababu betri ya lithiamu inayokaa imejaa pomoni huku mashine ikiwa moto huchakaa haraka. Lakini toleo la 2022 nalo lilitoka pia na betri ya wati-saa 56. Ukiletewa hiyo kwa bei ya ile ya 90, umerudi pale nilipokuwa mimi.

Ya pili ni ya nyumba hiyo hiyo: ASUS ROG Zephyrus G14 ya mwaka 2020 au 2021, ambayo sasa hupatikana zaidi ikiwa imetumika. Ina skrini ya inchi 14, kilo 1.6 tu, betri ya wati-saa 76, na inachaji kwa USB-C. Kwa mwanafunzi anayetembea kutoka Mabibo hosteli akiwa na begi mgongoni, tofauti ya nusu kilo si jambo la kudharau. Ina dosari mbili. Haina kamera kabisa. Waliiacha kwa makusudi, kwa hiyo kama una vipindi vya mtandaoni utanunua kamera ya pembeni. Pia sehemu ya RAM yake imegandishwa kwenye bodi, ikabaki nafasi moja tu ya kuongeza. Kwa kuwa utaikuta imetumika, betri yake lazima ipimwe mbele yako, na jinsi ya kuipima nitaeleza hapa chini.

Ya tatu ni Lenovo Legion 5 yenye wati-saa 80. Ukweli ni kwamba kibodi yake ni nzuri kuliko ya TUF, na upoaji wake pia ni wa heshima. Tatizo ni uzito. Mashine yenyewe inazidi kilo 2.3 na chaja yake unaweza kuizuilia mlango. Anayekaa chumba kimoja na kuhamahama kidogo ataipenda sana.

Ya nne itawashangaza baadhi yenu, kwa sababu haina kadi ya gemu kabisa. Prosesa kama Ryzen 7 7840HS ina grafiki ya ndani iitwayo Radeon 780M, ambayo inacheza GTA V na gemu za mpira vizuri ukishusha mipangilio kidogo. Hakuna kadi ya pili ya kuamka na kulala, kwa hiyo chaji haivujishwi na kitu usichokiona. Sharti lake ni RAM iwe kwenye njia mbili, yaani vijiti viwili au RAM iliyogandishwa ya njia mbili, kwa sababu grafiki hii hutumia RAM ya kawaida kama kumbukumbu yake, na ikipewa kijiti kimoja inapungukiwa nguvu waziwazi. Kama mdogo wangu angekubali ushauri huu mapema, tungeokoa fedha, lakini kijana wa miaka 19 humwambii kitu kuhusu kadi.

Zilizobaki nazipita haraka. Victus 15 ichukue tu ukithibitisha ni ya wati-saa 70. Acer Nitro 5 unazozikuta kwa wingi zina wati-saa 57.5, ni mashine ya kucheza, si ya kusomea. MacBook Air ya Apple hukaa na chaji kuliko zote nilizozitaja, ila gemu ya risasi iitwayo Valorant na gemu za mpira za kampuni ya EA haziingii, kwa hiyo mjadala wake unaishia hapo. Zile mashine za ofisini zilizotumika, zinazouzwa kwa laki nne au tano, ni nzuri kwa kuandika ripoti, na atakayekuambia zinacheza gemu za kisasa anataka kufunga duka mapema.

Sasa namna ya kupima. Washa mashine dukani, andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, ufungue lile dirisha jeusi, kisha andika powercfg /batteryreport na ubonyeze kitufe cha kuingiza. Mashine itakuonyesha mahali ilipohifadhi ripoti. Ifungue kwa kivinjari. Tafuta mstari wa DESIGN CAPACITY, ambao ndio ukubwa wa betri ilipotoka kiwandani, na chini yake FULL CHARGE CAPACITY, ambao ni ukubwa uliobaki leo. Namba zimeandikwa kwa maelfu, kwa hiyo 90,000 ni wati-saa 90. Kwenye mashine iliyotumika, namba ya pili ikiwa chini ya asilimia 80 ya ile ya kwanza, punguza bei au uiache. Kazi nzima haichukui dakika mbili.

Dakika hizo mbili ndizo wauzaji wengi hawataki kukupa. Mmoja aliniambia kwamba kuandika maneno kwenye dirisha jeusi kutaharibu Windows. Mwingine alisema atanipimia yeye, akaondoka na mashine hadi chumba cha nyuma, akarudi na jibu la mdomo. Wa tatu alinihakikishia kuwa betri ndogo "inabadilishwa tu", bila kutaja kwamba betri kubwa halisi ni ghali na kwamba zinazouzwa mtaani zimejaa vibandiko vya uongo, ambavyo ripoti hiyo hiyo mara nyingi huvifichua ukishaifunga betri na kuiwasha mashine. Waranti ya wiki moja nayo haikusaidii chochote hapa, kwa sababu betri ndogo si ubovu. Hiyo ndiyo mashine uliyouziwa, nayo inafanya kazi kama ilivyotengenezwa.

Niliporudi kutafuta mashine nyingine, nilikuta duka moja lenye TUF mbili zinazofanana kama pacha, zimewekwa rafu moja kwa bei moja. Niliomba kuzipima zote. Ya kwanza ilisoma wati-saa 56, ya pili 90. Kijana wa dukani aliinama akatazama skrini zote mbili, akaniuliza maana yake, nami nikamweleza kwa kirefu kwa sababu alikuwa na adabu. Nikaichukua ya 90. Wiki mbili baadaye rafiki yangu alikwenda duka lile lile kwa maelekezo yangu, akakuta wameshaleta nyingine, na safari hii ile yenye betri kubwa ilikuwa imebandikwa karatasi yake, imeandikwa 90Wh kwa kalamu nyekundu, na bei imepanda laki mbili.