Suruali za mlimani na nyikani: ipi ya masika, ipi ya kipupwe

Kijana akiniuliza anunue suruali gani ya mlimani, namrudishia swali: unapanda mwezi gani, na kwa njia ipi? Suruali ninayoipenda Julai nikiwa njia ya Rongai, Kilimanjaro, siigusi Aprili nikipandisha wageni kwa njia ya Machame, na zote mbili naziacha nyumbani nikiitwa kutembeza watu hifadhini Tarangire mwezi wa pili. Mimi ni mwongoza watalii, naishi Moshi. Suruali hizi nazivaa kwa kazi, nazifua kwa mkono, zikichanika nazipeleka kwa fundi. Sina fedha ya kununua nyingine kila msimu, kwa hiyo nazichagua kwa wivu.

Iliyodumu kuliko zote ni Vidda Pro ya Fjällräven, kampuni ya Sweden. Niliichambua kwenye rundo pale soko la mitumba la Memorial, Moshi, na nikailipia shilingi 35,000, baada ya kuvutana na muuzaji aliyeanzia 60,000. "Dada, hiyo usiikunjie uso, ishike kwanza," aliniambia, na kweli ukiishika unaelewa. Kitambaa chake, ambacho kampuni inakiita G-1000, ni poliesta asilimia 65 na pamba asilimia 35, kimefumwa kwa nyuzi zilizobanana kiasi kwamba mbu hapati pa kupitisha mdomo. Magotini na makalioni wameongeza tabaka la pili, na la magotini lina mwanya wa kuingizia pedi.

Tabaka hilo la pili ndilo ninalolilipia. Ukuta wa Barranco, mwamba mrefu kwenye njia ya Machame, haupandwi kwa miguu peke yake. Unaweka goti kwenye jiwe, unajivuta, unakalia ukingo, unageuka kumpa mgeni mkono, halafu unaanza tena. Jiwe lenyewe ni la volkano na linakwaruza kama msasa. Nyuzi za kitambaa cha kawaida hulika pale pale ambapo mfupa wa goti hukutana na mwamba, na nimeona suruali za wageni, mpya kabisa, zikitoboka siku hiyo moja. Kwenye yangu, tabaka la nje la goti la kushoto limepauka na kutoa manyoya kidogo. La ndani halijaguswa.

Sasa nta. Kitambaa hiki kimekusudiwa kupakwa nta ili kizuie upepo na manyunyu, na kampuni inauza kipande chake, Greenland Wax, ambacho ni parafini iliyochanganywa na nta ya nyuki. Mimi nachanganya yangu nyumbani: mishumaa myeupe ya dukani sehemu kubwa, nta ya nyuki kidogo, vyote kwenye kopo lililosimamishwa ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Vikishayeyuka namimina kwenye kikombe cha karatasi, vikiganda nachana karatasi. Suruali iwe safi na kavu. Nasugua mapaja, magoti na sehemu ya chini karibu na buti, kwa nguvu, mpaka michirizi myeupe ionekane, kisha napitisha pasi isiyo na moto mkali. Hapo michirizi inazama, rangi inakoza, kitambaa kinakakamaa kidogo, na tone la maji likianguka linasimama duara badala ya kunyonywa. Nyuma ya magoti na kuzunguka kiuno sipaki kabisa, kwa sababu nta nyingi huziba kitambaa na jasho lako mwenyewe ndilo litakalokulowesha. Ukishaifua mara kadhaa, rudia.

Pamoja na nta yote hiyo, hii si suruali ya mvua wala haijifanyi kuwa hivyo. Mahali pake ni Juni mpaka Septemba, mlima ukiwa mkavu na baridi ya kipupwe imekaza. Kila ukipanda meta 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6, kwa hiyo anayetoka Moshi na fulana ajihesabie mwenyewe atakavyokuwa kilele cha Uhuru, meta 5,895, saa kumi na mbili asubuhi na upepo ukivuma. Usiku wa kilele navaa taiti ya sufu ndani, Vidda Pro juu yake, na suruali ya mvua juu ya zote kwa ajili ya upepo. Wageni wengi huja na suruali moja nene kama godoro lililokunjwa, na hiyo inawafaa mpaka jua linapochomoza. Wakirudi kambi ya Barafu saa tano, jua linawachoma na hawana cha kupunguza. Ndiyo maana suruali ya nje lazima iwe na zipu ndefu ubavuni, kutoka chini hadi pajani au kiunoni, uivue bila kufungua buti. Vidole vilivyokufa ganzi havifungui kamba za buti kule juu.

Kuanzia Machi mpaka Mei mambo yanageuka. Miteremko ya kusini ndiyo inayopokea mvua nyingi, na ukanda wa msitu kwenye njia za Machame na Umbwe unakuwa tope, mizizi na maji yanayotiririka katikati ya njia. Hapo kitambaa chochote chenye pamba, hata kiwe cha bei gani, kitalowa mwisho wake, na kikishalowa hakikauki ndani ya hema. Unaamka asubuhi unakivaa kikiwa cha baridi na kizito, na mwili unatumia nguvu yake kukipasha moto badala ya kupanda. Masika navaa nailoni nyepesi. Niliyo nayo ilishapoteza lebo, lakini kitambaa chake utakitambua: kina vimraba vidogo vilivyotokana na uzi mnene uliopitishwa kila baada ya nafasi, urefu na upana. Ikitoboka, mchaniko unafika kwenye uzi huo na kukomea hapo. Nilichomwa na mti uliovunjika karibu na geti la Machame, tundu lile bado ni dogo vile vile.

Watu hushangaa nikiwaambia kwamba msituni, mvua ikinyesha na tunatembea, mara nyingi suruali ya mvua naiacha kwenye begi. Msitu una joto, unapanda, unatoka jasho, na ndani ya suruali ile unalowa vile vile. Nailoni ikilowa naiacha ilowe. Miguu ikiendelea kusogea inaikausha, na nikifika kambini nina nyingine kavu iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki ambayo haitoki humo mpaka nimo ndani ya hema. Suruali ya mvua inaanza kazi tukitoka msituni, upepo unapoungana na maji. Hiyo uichague kwa kuigeuza nje ndani: mishono yote iwe imebandikwa utepe, na utepe uwe umeshika. Kuna moja niliyoinunua mpya dukani, bei yake ilikuwa kubwa, na utepe ulianza kubanduka msambani msimu wa kwanza tu. Maji yanayoingia msambani yanashuka mpaka soksi.

Jinzi sitaizungumza sana. Inaniuma kila ninapomwona mpagazi ameivaa, ameloa mpaka kiunoni, na mzigo wa kilo 20 begani, wakati mgeni anayembebea amevaa vizuri. Wagumu wetu, yaani wapagazi, hawavai jinzi kwa kupenda. Pale Moshi, shirika la Kilimanjaro Porters Assistance Project huwaazima wapagazi nguo za kupandia bila malipo, na ninawaomba viongozi wa safari wawaambie vijana wao wapya kabla ya siku ya kupanda, maana wengi hulijua hilo wakiwa wameshatetemeka kambi ya Shira.

Vuli, kuanzia Oktoba mwishoni, hali hubadilika ndani ya siku moja, na wengi hupenda suruali za kukatwa magotini kwa zipu. Nina Kiwi ya Craghoppers ya namna hiyo, kampuni ya Uingereza, mgeni alinipa. Nyepesi, mifuko mingi yenye zipu, na kwa matembezi ya Materuni au Meru ya chini naipenda sana. Kwa kazi ya kupanda mawe, suruali za zipu magotini, za kampuni yoyote, mimi huziweka kando: zipu inakaa karibu na pale goti linapokunjwa.

Nyikani huku chini sheria ni nyingine kabisa, na hapa pamba inarudi na heshima yake. Februari, jua la saa sita, suruali ya nailoni inakunata mapajani. Ninayovaa ni ya kaki nzito, ila nyepesi kidogo kuliko ya sare za shule, niliyoshonewa na fundi wangu kwa vipimo vyangu, pana magotini, yenye mshono wa mara mbili ndani ya mapaja. Jasho likiilowesha inakupoza, na jioni inakauka kwenye kamba. Mti wa kikwata ndio mtihani wake. Miiba yake imepinda kama ndoana, ikikamata kitambaa kinachovutika inang'oa nyuzi na kuacha vitanzi, lakini kwenye kaki iliyobana inateleza au inaacha alama tu ukirudi nyuma hatua moja badala ya kuvuta.

Rangi nayo si urembo. Mbung'o hufuata bluu na nyeusi, na ndiyo sababu mitego yao utaiona Tarangire na Serengeti imetengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Ukivaa taiti nyeusi mahali pale utajuta, kwa sababu mdomo wa mbung'o unapenya kitambaa chembamba bila shida. Chagua kaki, rangi ya udongo au kijani iliyopauka. Rangi isiyokoza ina faida nyingine: kupe anaonekana akipanda. Chomeka pindo ndani ya soksi ukipita kwenye nyasi ndefu, na fanya hivyo hivyo msituni kwa ajili ya siafu. Na suruali za mabaka ya kijeshi, hata uzikute Memorial kwa bei ya kutupa, ziache. Raia haruhusiwi kuvaa mavazi yanayofanana na ya jeshi hapa Tanzania, na wageni wenu waambieni mapema kabla hawajafunga mabegi.

Dada zangu wa mlimani, suala la kiuno tulizungumze. Suruali nyingi za mtumba za kazi hii zimekatwa kwa mwili wa mwanamume: ikipita nyongani, kiunoni inapwaya. Nunua inayopita nyongani vizuri ukiwa na taiti ndani, kisha fundi aipunguze nyuma katikati, ndani ya mshono wa makalio, bila kugusa mifuko. Mkanda usiwe ndio unaoishikilia, kwa sababu mkanda wa begi ukikaa juu ya kitambaa kilichokunjamana utakuchubua nyonga siku ya pili. Mifuko ya suruali za kike pia iangalieni kwa kuingiza kiganja kizima, nyingine ni ya mapambo.

Ukifika sokoni, ingia siku belo linapofunguliwa na anza na msamba. Shika mishono minne inapokutana, vuta kila upande, tazama kama uzi unaachia mwanga. Kisha inua magoti na makalio kuelekea jua uone palipolika. Zipu ifungue na kuifunga polepole huku ukiipinda. Mwisho chuchumaa nayo kabisa, mbele za watu, goti moja juu kama unapanda jiwe. Ikikubana pajani hapo sokoni, ukifika Barranco itapasuka.

Na ukinunua yenye magoti membamba lakini kila kitu kingine ni kizima, usiirudishe. Fundi wangu huweka kiraka cha nailoni kwa ndani na kukishona mistari ya kukatana, goti zima, siyo palipotoboka peke yake, kwa shilingi 5,000 goti moja. Mpelekee ikiwa imefuliwa. Kama uliipaka nta, itoe kwanza kwa maji ya moto na sabuni, kwa sababu nta inaganda kwenye sindano ya cherehani na uzi unaanza kuruka.