Kodeki kwenye laini ya kukodi: poti ipi ununue ukiwa Arusha au Moshi

Kodeki mbili, yaani mashine za kugeuza sauti kuwa data na data kuwa sauti, zilikuwa zimeshalipiwa, zimetolewa bandarini na kufungwa kwenye raki, ndipo kijana wa kampuni ya laini akafika na kisanduku chake chenye tundu la pini 15. Kodeki zilikuwa na tundu la pini 34. Fundi wa redio ile, hapo Moshi, akanipigia simu: “Shikamoo mzee. Hivi mjini kuna adapta ya kitu hiki?” Haikuwepo. Redio ilikaa wiki tatu ikipeleka sauti mlimani kwa simu ya mkononi iliyounganishwa na mikisa, na wasikilizaji wa Kibosho na Machame walisikia kila kukwama kwake.

Ninaandika mwongozo huu ili lisikupate hilo. Unawahusu wenye studio mjini na mtambo wa kurushia mahali pengine, wanaotaka kupeleka sauti kwa laini ya data ya kukodi. Kama unasimama juu ya paa la studio na mnara wako unauona kwa macho, nenda TCRA ukaombe masafa, ununue linki ya redio, uachane na haya yote. Lakini Arusha imekaa miguuni pa Meru, vilima viko kila upande, na wengi wetu hatuuoni mnara.

Umbali huu kati ya kipaza sauti na mnara si jambo geni kwetu. Redio Sauti ya Injili iliyorusha kutoka Addis Ababa kuanzia 1963 hadi ilipotaifishwa 1977 ilikuwa na studio yake Moshi. Vipindi vya Kiswahili vilirekodiwa huku, kanda zikasafirishwa hadi Ethiopia. Leo tunataka sauti ifike mlimani kabla mtangazaji hajafunga mdomo.

Uliza kabla ya kufungua pochi

Mwite mtu wa kampuni ya laini, umwombe akuandikie kwenye karatasi: kisanduku chenu kina poti (tundu la kuunganishia) gani, mnatoa kilobiti ngapi kwa sekunde, kisanduku kitakaa mita ngapi kutoka kwenye raki yangu, na kloki inatoka kwa nani. Wengi watakujibu matatu ya mwanzo bila shida. La nne ndilo litakalokupotezea usingizi, kwa hiyo nalieleza kwa kirefu.

Laini ya aina hii hubeba biti kwa mwendo mmoja usiobadilika, kama askari wa gwaride wanaofuata ngoma moja. Ngoma hiyo ndiyo kloki. Kisanduku cha kampuni huipiga, kodeki huifuata, na kodeki ya upande wa pili nayo hufuata ngoma ileile kupitia mtandao. Ndiyo sababu sauti huchelewa kwa kiasi kilekile asubuhi na usiku. Sasa chukua laini ya kilobiti 256 ambayo kila upande umepangwa ufuate kloki yake ya ndani. Kristali mbili zinazopiga kloki hizo zikitofautiana kwa sehemu 10 tu katika milioni, kila sekunde kuna biti mbili na nusu zisizo na pa kukaa. Bafa, yaani ghala dogo la muda, ya biti 256 hujaa ndani ya sekunde 100. Hapo fremu, yaani fungu la biti, hupotea, msikilizaji husikia “tik”, na hesabu huanza upya.

Niliwahi kukaa siku nne kwenye redio moja ya Arusha nikisaka “tik” ya namna hiyo. Tulibadilisha kebo, tukabadilisha ardhi ya umeme, tukamlaumu jirani mwenye mashine ya kuchomelea. Mwisho tukakuta kodeki ya mlimani imepangwa kwenye kloki ya ndani. Ilibadilishwa kwa kubonyeza mara tatu.

Sasa mpangilio wangu, kuanzia ninachokipendekeza zaidi.

1. Kodeki yenye X.21, na IP pembeni

Hii ndiyo ningeinunua kwa fedha yangu. X.21 ni aina ya poti ya data: hutumia plagi ndogo ya pini 15, nyaya zake zote muhimu hutembea jozi kwa jozi, na idadi yake ni ndogo kiasi kwamba fundi makini anaweza kutengeneza kebo mwenyewe jioni moja. Data ya kwenda iko pini 2 na 9, ya kurudi 4 na 11, udhibiti 3 na 10, ishara ya laini kuwa tayari 5 na 12, kloki 6 na 13, na pini 8 ni ardhi ya ishara. Kila namba mbili hizo lazima ziwe jozi moja iliyosokotwa. Ukichanganya waya wa jozi hii na wa jozi ile, kebo ya mita moja itafanya kazi mezani na ya mita kumi itakuaibisha mlimani.

Angalia pia usigeuze jozi. Data ikigeuzwa, kodeki haishiki kabisa, yaani haitambui data inayoingia, na angalau unajua una tatizo. Kloki ikigeuzwa ni mbaya zaidi, kwa sababu kodeki inaweza kushika, ikapiga siku nzima, kisha ikaanza kukosea joto likipanda, maana inasoma biti pale zinapobadilika badala ya katikati yake.

X.21 ina udhaifu mmoja wa kweli. Kloki ni moja, inatoka kwenye kisanduku, na data unayoituma inarudi ikiwa imechelewa kwa urefu wa kebo kwenda na kurudi. Kwa kilobiti 256 hilo halina uzito: biti moja hudumu karibu maikrosekunde 4, na kebo ya mita 20 haili hata sehemu ya kumi ya muda huo. Lakini kwa kilobiti 2,048 biti hudumu nanosekunde 488, na mita 50 za kebo, kwenda na kurudi, hula takribani nanosekunde 500. Biti nzima imepotea njiani. Kwa mwendo huo weka kisanduku na kodeki kwenye raki moja.

Kwa nini IP, yaani poti ya data ya intaneti, pembeni? Kwa sababu kampuni nyingi sasa zinaleta faiba na rauta yenye tundu la RJ45, lile la kebo ya mtandao, na laini yako ya leo inaweza kubadilishwa mwakani. Pia laini ikikatika saa kumi na mbili asubuhi wakati wa taarifa ya habari, kodeki inayohamia yenyewe kwenye intaneti ya simu itakuokoa.

2. Kodeki yenye E1

Ukiwa na studio Arusha na mtambo wa pili Moshi, kilomita 80 hivi kwa barabara, na kampuni ikakubali kukupa E1 nzima, usisite. E1 ni kilobiti 2,048 zilizogawanywa katika nafasi 32 za kilobiti 64, na nafasi ya kwanza hutumika kupanga fremu. Sauti ya stereo ya sampuli 48,000, biti 16, inahitaji kilobiti 1,536, yaani nafasi 24. Maana yake unapeleka sauti isiyobanwa hata kidogo, na bado unabaki na nafasi za simu na usimamizi wa mtambo.

Kitu kingine ninachokipenda: kloki imo ndani ya ishara yenyewe, haina waya wake. Shida ile ya kebo ndefu ya X.21 haipo. Ila uliza kama watakuletea kebo mbili za koaksi za omu 75 au jozi za omu 120, maana hizo mbili haziunganishwi bila kigeuzi kidogo katikati.

Gharama ya kila mwezi ndiyo iliyoishusha hadi nafasi ya pili. Kwa redio ya jamii inayoishi kwa matangazo ya harusi na misiba, ni mzigo mkubwa.

3. Kodeki ya IP peke yake

Kama kampuni zote mlizoziuliza zimesema hazina tena laini ya biti mfululizo, hii ndiyo njia, na inaweza kuwa njia nzuri. Lakini jua unachokiacha. Pakiti, yaani vipande vya data, hufika kwa vurugu, moja mapema, nyingine imechelewa, na hakuna ngoma ya pamoja. Kodeki ya kupokea hulazimika kuziweka kwenye bafa na kukisia mwendo wa mtumaji. Bafa ndogo hukatakata sauti, bafa kubwa humchelewesha mtangazaji aliye nje akizungumza na studio.

Nunua inayofuata mwongozo wa EBU (umoja wa watangazaji wa Ulaya) wa sauti juu ya IP, ili kodeki ya kampuni hii izungumze na ya kampuni nyingine, na iwe na Opus, mbinu ya kubana sauti ambayo imekuwa kiwango cha wazi tangu 2012. Iwe na uwezo wa kutuma mkondo uleule kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Kisha kodi njia hizo mbili kwa kampuni tofauti na uthibitishe kwa macho kwamba nyaya zao hazipiti mtaro mmoja. Chepeo la mtengeneza barabara halisomi mkataba.

4. V.35

Hii ndiyo plagi kubwa ya pini 34 iliyomtesa fundi wa Moshi. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, liliiacha rasmi 1988, lakini rauta za zamani ziliendelea kuitumia kwa miaka mingi, kwa hiyo bado inazagaa kwenye masoko ya mitumba. Ubora wake ni kwamba ina njia ya kloki inayorudi kutoka kwenye kodeki pamoja na data, kwa hiyo kebo ndefu haiisumbui kama X.21. Ubaya ni kebo nene, ghali, isiyotengenezeka kirahisi, na viwango vya umeme visivyolingana na vya X.21. Kubadilisha plagi tu hakutoshi. Unahitaji kigeuzi chenye umeme wake, na hicho ni kitu kingine cha kuungua.

Inunue tu kama kampuni imekuandikia kwamba kisanduku chao ni cha V.35.

5. Pini 37 na pini 25

Poti za RS-449 (pini 37) na RS-530 (pini 25) ni ndugu wa X.21 kwa upande wa umeme wa data, na kebo ya kuziunganisha hutengenezeka ukiwa na michoro ya pande zote mbili. Siwezi kukushauri uzitafute, ila ukipewa bure usizitupe.

Usichonunua

Kodeki ya ISDN (laini ya simu ya kidijitali ya zamani) pekee. Ulaya wanazima ISDN, kwa hiyo mashine hizi zinauzwa kwa bei inayokuvuta, na picha zake zinapendeza. Geuza nyuma. Kama hakuna X.21 wala IP, ni chuma.

Ndani ya kodeki

Mbinu ya kubana sauti ina uzito sawa na poti. Kwa kilobiti 256, apt-X hukupa stereo ya hadi kilohezi 15, inayotosha kabisa kwa FM, na huchelewesha kwa milisekunde chache tu, hivyo mtangazaji anaweza kujisikiliza hewani bila kuchanganyikiwa. MPEG Layer II kwa kilobiti hizohizo ni nzuri pia, ila ucheleweshaji wake ni mkubwa zaidi. Layer III, yaani MP3, ya kilobiti 128 naikataa kwa muziki. Nyimbo zenu nyingi ni MP3 tayari. Ukizibana mara ya pili kwa njia ileile, matoazi yanageuka kuwa kama mafuta yanayochemka.

Kwa mitumba, muulize muuzaji akupigie picha ya nyuma na ya ndani. Hakikisha imeandikwa volti 230, maana zipo za Marekani za 120 tu. Betri ya kumbukumbu ikifa, mipangilio yote hufutika kila umeme unapokatika, na umeme wetu unakatika.

Usisahau radi. Masika ya Machi hadi Mei kwenye miteremko ya Kilimanjaro, waya wa shaba unaoingia kwenye chumba cha mtambo ni mwaliko. Nyaya za jozi za X.21 huvumilia tofauti ya volti 7 hivi kati ya ardhi ya huku na ya kule. Radi haipigi volti 7. Weka kizuizi cha radi kwenye laini, fungeni ardhi ya raki, ya mnara na ya kisanduku pamoja mahali pamoja, na ikiwezekana sehemu ya mwisho ya kufika mnarani iwe faiba.

Vifaa vikishafungwa, usimlipe mtu salio siku hiyohiyo. Mwambie wa kampuni aizungushe laini upande wa mlimani ili data yako ikurudie, uangalie kwanza kama kodeki inashika. Kisha aifungue, mpige muziki pande zote mbili, na muandike namba iliyo kwenye kihesabu cha makosa. Iacheni saa 24, zikiwamo saa za jua kali na saa ambazo majirani wote wamewasha pasi. Rudini kesho yake saa ileile na karatasi mkononi.