Kinasa sauti cha bei nafuu kwa sauti za mazingira: kipi kitangulie

Kwa mahojiano, karibu kinasa sauti chochote kinatosha, maana mdomo uko karibu. Bundi wa ng'ambo ya bonde, au maji yanayotoka mikokoni wakati wa kupwa, ni kazi nyingine. Sauti hizo ni ndogo, na ukizipandisha unapandisha pia "shiii" inayozaliwa ndani ya chombo. Ndiyo inayoharibu rekodi nyingi. Muuzaji atakusifia kilohezi 96, yaani chombo kupima sauti mara 96,000 kwa sekunde. Kilohezi 48 kwa biti 24 (biti ni undani wa kila kipimo) zinatosha, nazo hula takriban GB 1 kwa saa ya stereo.

1. Tascam DR-05X. Maiki zake mbili husikia pande zote, kwa hiyo hazisumbuliwi sana na upepo kama zile zinazoelekezwa mbele, na besi ya mvua au mawimbi hutoka imeshiba. Hutumia betri mbili za AA, zinazopatikana hata dukani kijijini, na kadi ya microSD hadi GB 128. Kilichoiweka juu ni tundu la maiki ya nje linalotoa umeme mdogo: chomeka jozi ya maiki zenye kapsuli (kiini kinachonasa sauti) za Primo EM272 (mvumo wake, yaani ile "shiii" ya ndani, ni desibeli 14 tu), uwashe umeme huo kwenye menyu. Usipouwasha utapata ukimya, au sauti hafifu mno, na wengi hudhani maiki ni mbovu.

2. Zoom H1essential. Ilitoka 2024 kwa takriban dola 100. Hunasa kwa biti 32 za nukta elea (32-bit float), mfumo unaohifadhi sauti ndogo na kubwa kwa pamoja, hivyo hakuna kiwango cha sauti cha kupanga. Radi ikipiga ghafla, unaishusha baadaye kwenye kompyuta. Lakini biti hizo hazipunguzi mvumo hata kidogo, tangazo liseme litakavyo. Betri zake ni AAA, ndogo kwa kazi ya usiku kucha.

3. Sony PCM-A10, hasa ya mtumba. Ni ndogo, ina GB 16 ndani. Betri haitoki: kagua kwanza inakaa na chaji muda gani.

4. Zoom H1n. Kwa ngoma au soko, sawa. Kwa msitu mtulivu ina mvumo mwingi; ichukue ikiwa bei ni ya kutupa.

Zoom F3 ni tulivu kuliko zote hizi, ila haina maiki yake, na ilipotoka 2022 ilikuwa takriban dola 350 kabla hujanunua maiki mbili za XLR (plagi kubwa ya pini tatu).

Bakiza fedha ya kikinga upepo cha manyoya. Sponji inayokuja na chombo huzuia pumzi ya msemaji. Upepo wa pwani huipita. Nunua pia stendi ndogo ya miguu mitatu, kwa sababu vidole vikisogea kwenye plastiki husikika kama mtu anatembea.

Kabla ya kulipa, weka chombo juu ya nguo iliyokunjwa kwenye chumba kimya, karibu na saa ya ukutani, pandisha kiwango, nasa dakika moja, kisha sikiliza kwa hedifoni zinazofunika masikio. "Shiii" ikiizidi tiki-tiki ya saa, mrudishie mwenyewe.

Kadi nazo ni za bandia nyingi: huandikwa GB 128, zikijaa GB 8 zinaanza kufuta. Zijaribu kwa programu ya H2testw kabla ya safari.