Gari dogo la kukokota nyuma ya gari-nyumba: lipi ununue hapa Uganda

Ukiwa na Coaster au Fuso iliyogeuzwa nyumba, safari ya Kampala hadi Kabale haina shida. Lami ipo, unakwenda polepole, jioni unaegesha na kupika. Shida huanza ukishafika. Njia za kupandia Rushaga na Nkuringo kwenda kuona gorila wa Bwindi ni nyembamba, zina kona kali, na mvua ikinyesha udongo wake huteleza kama sabuni. Nyumba yako ibaki kwenye ziwa Bunyonyi, upande na kagari kepesi ulikokakokota kutoka mjini.

Wanunuzi wengi huanza na bei, wengine na sura. Nakusihi uanze na gia. Gari la oto, yaani linalobadilisha gia lenyewe, lina pampu inayosambaza oili ndani ya giaboksi, na pampu hiyo huzungushwa na injini. Ukilikokota injini ikiwa imezimwa na magurudumu yake ya kuvuta yakiwa chini, vyuma huzunguka bila oili. Kabale iko kilomita 400 na ushee kutoka Kampala. Giaboksi inaweza kufa kabla hujafika Mbarara. Na magari mengi yaliyojaa kwenye mabondi ya Kampala, zile yadi za magari yaliyoagizwa nje, ni ya oto. Kwa hiyo gari zuri la kuendesha mjini laweza kuwa gari baya kabisa la kukokota.

Chaguo langu la kwanza, bila kusita, ni Suzuki Escudo ya zamani, ile ambayo wengine huiita Vitara, ya milango mitatu na gia za manyuo, zile unazobadilisha mwenyewe. Uzito wake ni kama tani moja. Ina chesisi kamili chini, kwa hiyo fundi wa Katwe, mtaa wa mafundi Kampala, anapata pa kufunga chuma cha kukokotea kwa bolti nene badala ya kuchomelea kwenye bati. Kubwa zaidi, ina ile stiki ndogo ya pili ya 4WD (kuvuta kwa magurudumu yote manne) yenye nafasi ya N, yaani huru. Ukiiweka hapo, magurudumu yanakuwa yametengwa na giaboksi. Marekani, ambako watu wamezoea kukokota magari nyuma ya nyumba zao, gari hilihili liliuzwa kwa jina la Geo Tracker na likapendwa sana kwa kazi hii. Maelekezo yake yalikuwa usimame kila kilomita 300, uwashe injini stiki ikiwa bado kwenye N, uikanyagie mafuta kama dakika moja ili oili isambae, halafu uendelee. Kwetu maana yake ni kusimama Mbarara, na huko utasimama tu.

Ukienda kuliona, usikubali maneno ya dalali. Tafuta mahali tambarare, zima injini, acha ufunguo mahali ambapo usukani haujifungi. Weka stiki ndogo kwenye N, kisha gia kubwa weka namba mbili, shusha hendibreki. Sasa sukuma gari kwa mikono. Likienda laini, N ni ya kweli. Likigoma, au ukisikia mkwaruzo chini, ondoka. Kumbuka pia kwamba tangu 2018 gari lililofikisha miaka 15 haliruhusiwi kuingizwa nchini, hivyo Escudo hizi utazipata kwa watu waliokwisha kuzitumia hapa. Kagua kutu, na hakikisha jina kwenye logbook ni la huyo anayekuuzia.

Pesa ikiwepo, Jimny iliyotoka 2018 na kuendelea inafanya kazi hiyohiyo na ni imara zaidi, maana Suzuki waliirudishia stiki. Zile Jimny za kati zenye vitufe vya 4WD kwenye dashibodi ziache. Hazikupi N hiyo.

Nafasi ya tatu naipa Starlet au Corolla ya manyuo inayovuta kwa mbele. Ni nyepesi, spea zimejaa soko la Kisekka mjini Kampala, na nyingi hukokotwa zikiwa gia huru bila madhara, ingawa kitabu cha gari husika ndicho chenye neno la mwisho. Kasoro yake ni kwamba iko chini. Bwindi wakati wa mvua itakutesa.

Vitz au Passo ya oto inawezekana tu ukiinua magurudumu ya mbele juu ya kitoroli cha magurudumu mawili. Angalia isiwe ya 4WD, kwa sababu hapo ya nyuma nayo yameunganishwa. Kitoroli ni gharama nyingine na mzigo mwingine wa kuegesha, kwa hiyo mimi nisingenunua. Forester ya oto, usiiguse: inataka trela la kuibeba nzima.

Kwa anayesafiri peke yake au wawili, pikipiki ya Boxer iliyofungwa nyuma ya Coaster ni jibu ambalo watu hulidharau bure. Ni kama kilo 120, na kila kituo cha bodaboda kina fundi wake. Haifai kuzungukia mbuga ya Ishasha kwenye simba, lakini kwa soko na vijijini inatosha.

Breki zisikupite. Nchi za Ulaya hudai breki kwa trela lolote linalozidi kilo 750, na Escudo imevuka hapo. Mteremko wa kuelekea Kisoro, tani moja inakusukuma mgongoni. Dai chuma chenye waya unaokanyaga breki ya gari la nyuma, na minyororo miwili ya usalama. Usirudi nyuma ukiwa umefunga. Magurudumu ya mbele yatajipinda. Fungua kwanza, hata kama foleni ya Busega inakupigia honi.

Fundi akimaliza, usimlipe yote. Kokota hadi Mukono, simama, gusa katikati ya kila rimu na chini ya giaboksi. Gurudumu lenye joto kuliko mengine lina breki inayoshika au beringi iliyochoka, na hiyo itengenezwe kabla ya Masaka.